Kikombe Kwenye Dashibodi

Kabla sijamtazama Mama Denis usoni, nilikiona kikombe chake. Kilisimama juu ya dashibodi ya gari la ofisi, cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu, chenye masikio mawili, cha aina ile wanayopewa wanafunzi siku ya michezo. Chini yake palikuwa na kibao cha kuandikia jina la mshindi, na kibao hicho kilikuwa kitupu. Tulipopita kwenye matuta nje kidogo ya Chamwino nilinyoosha mkono nikidhani kitaanguka. Hakikusogea. Alikuwa amekibandika kwa gundi.

"Shikamoo mama. Hiki ulishinda nini?"

"Marahaba. Sikushinda kitu. Hicho ni cha mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe ndiyo kwanza umefika, msomi. Funga mkanda."

Nilikuwa nimemaliza chuo na ninajitolea katika ofisi moja ya Serikali pale Chamwino. Kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba makabrasha ya wakubwa kwenda mjini Dodoma kwenye vikao, kisha kungoja. Kungoja ndiko kulikonifanya nimfahamu dereva huyu. Wakubwa wakiingia kikaoni, madereva hubaki kwenye maegesho wakisinzia na milango ya magari ikiwa wazi. Mama Denis hakusinzia. Alifunga gari, akaweka simu yake mahali pa kusikika vizuri, akavuka barabara.

Jina lake ni Hilda, Mgogo wa vijiji vya huko huko Chamwino, na Denis ni mwanawe wa kwanza. Udereva alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akiendesha lori la kubebea zabibu. Mjomba huyo hakumfundisha mwendo kasi. Alimfundisha kona. Alikuwa akimwambia, "Ukifika na zabibu zimepondeka, umefikisha mvinyo, na mwenye zabibu hakukutuma mvinyo." Tangu alipoajiriwa, gari la Hilda halijawahi kupata mkwaruzo, si kwenye makorongo ya njia za Chemba wakati wa mvua, wala kwenye maegesho ya mjini ambako kila mtu anarudi nyuma bila kutazama. Lakini kazi ya namna hiyo haionekani. Ikifanyika vizuri, hakuna kilichotokea. Kila Mei Mosi ofisi humchagua mfanyakazi bora, na kila mwaka anayeitwa mbele kupokea cheti ni mtu wa mezani. Hilda huwaendesha wote kwenda uwanjani na kuwarudisha, akipiga makofi kwa zamu yake.

Ng'ambo ya barabara, katika mtaa mmoja wa Makole, kulikuwa na banda la gemu la Jamaldini. Siku ya kwanza Hilda aliingia kuomba umeme wa kuchajia simu. Vijana walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi wakicheza mpira. Jamaldini, kijana mwenye kofia safi na mdomo usiochoka, alimpokea kwa sauti kubwa.

"Karibu mama! Umekuja kumfuata mwanao?"

"Mwanangu yuko shule," Hilda akajibu. "Wa kwako yuko wapi?"

Banda zima lilicheka, na Jamaldini akacheka kuliko wote. Wakaulizana makabila, ikajulikana kwamba ni watani. Babu wa babu yake Jamaldini alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara, aliyetua mzigo wake hapa Ugogo na asiondoke tena. Kwa Mgogo na Mnyamwezi hiyo inatosha. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana bila kutukanana.

"Mgogo huyo, ameona mlango wazi, anadhani tunagawa mahindi."

"Nyamaza wewe, mpagazi. Babu yako aliufanya mgongo wake kuwa meza, watu wakalia ugali juu yake."

Katikati ya maneno hayo Hilda aligundua kwamba mashine ya pembeni ilikuwa na gemu la magari. Vijana hawakulipenda kwa sababu lilikuwa gumu: barabara ndefu ya milimani, yenye korongo upande huu na ukuta wa mawe upande ule. Alishika pedi kama anavyoshika usukani, vidole vikiwa vimelegea. Kila kikao kilipomleta mjini, aliendelea kutoka pale alipoishia. Hakuwa akishindana na mtu. Aliniambia kwamba ilikuwa kama kuendesha lori la mjomba tena, na zabibu nyuma.

Kisha siku moja alifika mwisho wa barabara ile, kileleni, bila kugusa ukuta wala nguzo hata mara moja tangu mwanzo wa mlima. Mashine ikalia ting! na picha ya kombe ikatokea kwenye kona ya runinga.

Abeli, dereva wa bajaji anayeshinda pale kila anapokosa abiria, aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mama Denis! Unajua umefanya nini?"

"Nimeharibu?"

"Umeharibu nini! Hili ni kombe. Linaitwa Bila Mkwaruzo. Hebu ona hapa wameandika: hata katika watu mia moja wanaocheza gemu hili duniani, hafiki mmoja aliyelipata."

Hilda alimwomba asome tena. Abeli akasoma tena, polepole. Hilda anasema alisikia joto likimpanda shingoni, kama siku ile alipokabidhiwa leseni.

"Na jina langu limeandikwa wapi?"

Abeli alikuna kichwa. Katika banda lile, kama yalivyo mabanda mengi, wote hucheza kwa akaunti ya mwenye mashine. Magoli ya vijana wote wa Makole, mbio zote, makombe yote, huingia kwenye jina moja. Hakuna aliyewahi kujali, kwa sababu mpira ukiisha umeisha, na aliyefungwa anampisha mwenzake.

"Limeandikwa Jamaldini, mama," Abeli akasema.

Jamaldini alikuwa ametoka kwenda kuswali. Aliporudi, akaambiwa, akaitazama runinga kwa mshangao wa kweli. Kisha akajipiga picha kidole kikielekea lile kombe, akaituma kwenye kurasa zake zote: *Bingwa wa Bila Mkwaruzo. Dodoma nzima niko peke yangu.* Pongezi zilianza kuingia kabla Hilda hajainuka kwenye kiti.

"Mtani," akasema Hilda, "sema ni nani aliyeendesha."

"Aa, Mama Denis! Umenuna? Huu ni utani tu. Mtani akichukua kuku wa mtani wake, anashitakiwa?"

"Babu yako alibebeshwa vya watu akavifikisha kwa wenyewe. Wewe umebeba cha kwangu ukapitiliza nacho."

Vijana walipiga kelele na kugonga mabenchi. Jamaldini naye alicheka, lakini picha hakuifuta. Wiki ile wateja wapya walikuja kumwona bingwa. Akaanza kuitwa Bingwa, akaitika.

Haya yote Hilda alinisimulia tukiwa tumeegesha nje ya kikao kilichokuwa hakiishi. Mimi, kwa bidii ya mtu aliyetoka chuo juzi, nikamfariji kwa hoja. Nilimwambia kwamba kombe la gemu ni picha tu. Kama mlima aliupenda kabla hajajua kuna kombe, basi utamu ulikuwa ndani ya mlima, na hakuna aliyemwibia huo.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Siku ya mahafali ulivaa joho?"

"Nilivaa."

"Kwa nini? Elimu si ilikuwa ndani ya kichwa? Ungeichukua ukapanda basi ukaenda zako nyumbani."

Nikaanza kupanga upya makabrasha mapajani.

"Sikiliza, msomi. Kabla ya ile ting nilikuwa nacheza, na ilikuwa tamu, sikatai. Ilipolia, ikawa tamu mara mia. Waliponiambia jina ni la nani, utamu wote ukageuka nyongo, hata ule wa zamani. Sasa nikiuona mlima ule namwona yeye amekaa kileleni, anakula zabibu zangu."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Mtani halipwi kwa hasira. Ukikasirika, umeshindwa. Mtani hulipwa kwa utani mkubwa kuliko wake, na hulipwa mbele ya watu." Akakigusa kikombe kwa kidole kimoja. "Nilikinunua siku ile ile, kabla sijamrudisha bosi."

Nafasi ilikuja yenyewe. Vijana fulani wa mjini waliandaa tamasha la gemu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi, na runinga kubwa kama ukuta. Wakamwalika Jamaldini kuwa mgeni wa heshima, afungue kwa kuendesha mlima wa Bila Mkwaruzo mbele ya watu wote. Akakubali kwa sababu bingwa hakatai. Mabango yakatundikwa mjini yenye uso wake, na chini yake maneno: *Nani atamkabili?* Hakujitokeza mtu. Hilda alimwendea mwandaaji, binti aitwaye Shamimu, akasema, "Niandike mimi."

"Wewe mama? Unaujua ule mlima?"

"Nimewahi kupita."

Habari zilipofika Makole, Jamaldini alikuja hadi kwenye maegesho. Nilikuwa kiti cha mbele. Hakuwa na kelele siku hiyo. Alisimama dirishani, kofia mkononi.

"Shikamoo Mama Denis."

Hilda alinigeukia. "Umesikia? Leo mtani ananiamkia. Nchi inakwisha."

"Mama, tusifike huko. Ule mlima mimi kona ya pili tu naanguka, unajua. Nimekufungulia akaunti yako. Jina lako, picha yako. Njoo upande tena, upate kombe lako, tena kwa amani. Halafu Jumamosi unasema unaumwa."

Hilda alifikiri kidogo, akafunga gari. "Twende."

Tuliingia naye bandani. Kweli, kwenye runinga paliandikwa HILDA, kwa herufi kubwa. Vijana walisogea wote, hata waliokuwa katikati ya mechi. Alishika pedi, akaanza kupanda. Mimi sijui magari, lakini niliona jinsi alivyozipita zile kona: alizianza mapema, akazitoka taratibu, kama mtu anayezunguka mtoto aliyelala sakafuni. Alipumzika, akanywa maji, akaendelea. Simu ya bosi haikulia. Mwisho kikabaki kipande kifupi kilichonyooka, kileleni kabisa, mahali ambapo hata mimi ningepita. Abeli alikuwa tayari ameinua mikono.

Hilda akalisogeza gari kando, polepole, akalisugua kwenye ukuta wa mawe kama ng'ombe anavyojisugua kwenye mti. Cheche zikaruka. Akafika kileleni. Hakuna kilicholia.

"Mama!" Abeli akapiga kelele. "Mbona umegusa?"

"Mkono umeteleza." Akaiweka pedi mapajani mwa Jamaldini. "Asante kwa akaunti, mtani. Lakini mimi sikutumi uniletee mzigo mwingine. Nautaka ule ule uliopitiliza nao. Tuonane Jumamosi."

Jamaldini alijaribu kucheka. Sauti ilitoka, uso haukufuata.

Nakiri kwamba nilifurahi sana, ingawa chuoni tulifundishwa kwamba kisasi hakijengi. Nilijiuliza njia nzima kama makombe yanaongeza raha ya mchezo au yanaiharibu. Niliyoyaona ni haya: Hilda alilidondosha kombe la jina lake mwenyewe bila kupepesa jicho, na sijawahi kuona mtu akicheza kwa raha kubwa kama ile.

Tangu hapo banda limebadilika. Kijana akikaribia kombe lolote, la mpira au la ngumi, anaweka pedi chini na kuita, "Bingwa, njoo umalizie mwenyewe!" Wengine wanaitikia kutoka mabenchi ya nyuma, "Mpagazi! Mzigo huo!" Jamaldini hawezi kuwafukuza, maana ni wateja. Hawezi kujitoa kwenye tamasha, maana uso wake uko kwenye mabango hadi sokoni. Na hawezi kukasirika, maana ni yeye aliyesema ni utani.

Wiki hii kikombe hakikuwepo kwenye dashibodi. Palibaki alama ya gundi tu. Nilidhani amesamehe, nikakaribia kumpongeza. Leo asubuhi nilikikuta kimerudi, kimefunikwa kwa kipande cha kitenge. Madereva wa ofisi nyingine walikuja mmoja mmoja dirishani kumuuliza ukumbi unafunguliwa saa ngapi. Jumamosi hakuna vikao, na wamekubaliana kukaa mstari wa mbele.

Tulipobaki wawili, Hilda aliinua kitenge. Fundi alikuwa amekiandika kile kibao vizuri, kwa herufi zilizochimbwa zisizofutika:

JAMALDINI
MPAGAZI ALIYEPITILIZA NA MZIGO

"Nikishafika juu bila kugusa, na yeye yuko chini kwenye korongo lake, ndipo namkabidhi," akasema. "Kwa kipaza sauti. Na picha apigwe, aitume kwenye kurasa zake."

"Unadhani atalia?"

"Alie kwa nini? Mtani halii." Akakifunika tena kikombe, akazibana pembe za kitenge kama anayemfunika mtoto. "Nataka acheke. Lazima acheke, watu wote wanamtazama, huku anakipokea kwa mikono miwili."

Akawasha gari na kuingia barabarani kwa upole wake ule ule. Kwenye nguzo karibu na mzunguko wa mjini, uso wa Jamaldini ulikuwa bado unatabasamu juu ya bango. Hilda alipunguza mwendo, akampigia honi mara moja, kwa heshima.

Kesho kutwa ni Jumamosi.