Sikumsomea Nyuma ya Kadi

Mkosaji ni mimi, si vita. Miaka yote hii nimesingizia vita, kwa sababu vita haiwezi kunijibu. Leo naomba mnisikilize ninyi, maana nyumbani kwangu hakuna wa kunisikiliza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Kamina, nilikuwa karani katika nyumba ya foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Mimi ni mtoto wa mwalimu, nimelelewa kanisani, Kifaransa nilikijua vizuri. Ndiyo maana patron, mwenye nyumba ile, alinichukua. Nilijiona mtu, jamani!

Treni zilikuwa zimesimama, barua hazifiki. Mwenye mume au mtoto ng'ambo ya vita alichukua abonema ya miezi mitatu: kila Jumamosi saa nne kiti ni chake, anaita watu wake. Analipa, tena anaandikisha kitu cha nyumbani kama rehani, kwenye kadi ya Kifaransa.

Mama Zuhura, jirani yangu, akaja. Wazee wake walitoka Maniema, na mume wake alikuwa amekwenda Kasongo na bidhaa, vita ikamfungia huko. Alilipa, akaandikisha mashine yake ya kushona, iliyomlisha yeye na binti yake. Huyu ndiye aliyenipikia uji nilipougua malaria. Chumvi yake ilikuwa chumvi yangu.

"Ndugu yangu, minyi sijue Kifaransa," akaniambia. "Weye njo macho yangu. Na huku nyuma ya kadi, banaandika nini?"

"Ah, ile ni mambo ya patron tu. Weka kidole."

Akaweka. Aliniamini!

Nyuma paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba asiyekuja kukataa kabla ya siku ya mwisho, abonema yake inaendelea yenyewe miezi mitatu mingine. Patron alikuwa ameniambia: "Asiyeuliza, usimwambie." Lakini huyu aliuliza! Na kwa kila kadi iliyojirudia hivyo, mimi nilipata mche wa sabuni. Msinicheke. Siku zile watu walifua kwa majani ya mpapai.

Aliongea na mumewe Jumamosi mbili tu. Kisha kule kukanyamaza. Mama Zuhura alikuja, akaketi, akaita, akasikia mvumo mtupu. Mwishowe akachoka.

"Laini ikifunguka, uniite," akasema.

"Nitakuita, dada."

Yeye alidhani, kama mtu yeyote mwenye akili, kwamba pasipo na laini hapana abonema. Nani hulipia chakula asichokula?

Siku ya mwisho ya abonema yake tulikutana bombani. Tarehe nilikuwa nayo kichwani. Neno moja lingetosha: "Dada, kuja ukatae." Nikamsaidia kujitwika ndoo, nikaenda zangu kazini.

Juma lililofuata, kwa deni la miezi mitatu mipya, patron alituma watu wawili, wakaichukua mashine ikiwa bado na gauni la mtu chini ya sindano. Mama Zuhura akaja mbio mpaka mezani kwangu.

"Weye ulijua?"

Nikaifunika kadi yake kwa mkono.

"Ulijua," akasema. Hakupiga kelele. Laiti angenipiga kofi!

Bila mashine hakukuwa na unga. Siku chache baadaye akafuatana na wachuuzi wa samaki kwenda njia ya Bukama, Zuhura mgongoni. Hakuniaga. Aliacha mlango wazi, na ndani hakukuwa na kitu cha kuibwa.

Sasa sikieni adhabu yangu.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, saa nne, kiti chake kikiwa kitupu, redio ikakohoa, ikatoa sauti ya mume wake. "Kamina, Kamina! Mama Zuhura iko? À vous," yaani zamu yangu kujibu.

Mungu wangu! Ile saa ilikuwa yake, ameilipia kwa mashine yake. Mimi ndiye niliyekuwepo.

"Hayuko," nikasema. "Alitoka. À vous."

"Umwambie minyi niko muzima. Umwambie aningojee. Terminé."

Akafunga bila kutaja alipo. Siku zile watu hawakutaja, maana askari walisikiliza. Nikaita, nikaita tena, nikasikia ule mvumo aliokuwa akiusikia mwenzangu.

Niliacha kazi siku ileile. Nimekwenda Bukama mara mbili, nikauliza sokoni kwa wauza samaki. Hakuna anayemjua. Hapa mtaani walinijua vizuri: salamu zikakatika, mchumba wangu akaacha kuja. "Uliuza dada yako kwa sabuni, mimi utaniuza kwa nini?" akaniuliza. Sabuni yenyewe iliisha kwa majuma mawili. Nazeeka peke yangu, na Jumamosi saa nne bado sipendi kuwa ndani.

Ndugu zangu, msiweke kidole kabla hamjaambiwa jinsi ya kutoka. Na wewe karani unayeambiwa "Asiyeuliza, usimwambie", mwambie! Kazi nyingine utapata, lakini mtu ukimpoteza hivi humpati tena.

Mama Zuhura, kama uko hai na kuna mtu anakusomea haya: alisema yuko mzima. Alisema umngojee. Na huyo anayekusomea, mwambie ageuze karatasi, akusomee na nyuma.