Nilivyoondoka Chumba cha Mvuke Nikingoja Kuitwa

Mkasa huu ulinigharimu shilingi mia mbili za Uganda kwa kila kilo ya wimbi (nimepiga hesabu mara mbili, jibu halibadiliki), pamoja na heshima yote niliyokuwa nayo kwa watu wa bodaboda wa Tororo, na ninausimulia mwenyewe kwa sababu mkiusikia kwa wengine mtaambiwa nilikuwa uchi, jambo ambalo si kweli, nilikuwa nimevaa taulo.

Mimi nauza nafaka Busia, upande wa Uganda. Sasa Tororo mjini kuna hoteli mpya ya kifahari, ya wale watu wanaolipa pesa ili walale mapema, wanywe uji na waongee na wasiowajua (vitu ambavyo kwetu Lumino ni bure), na hoteli hiyo ilikuwa inatafuta wimbi la uji huo. Mimi nilikuwa na magunia kutoka Mulanda yamejaa stoo, bati linavuja, mvua inanukia. Nikikosa oda ile, wimbi linaota mle mle ndani.

Meneja wao wa manunuzi, Madam Apio, akaniita. Nilidhani tutakaa ofisini. Kumbe hoteli ile ina imani yake, kwamba watu wakivua viatu, simu na vyeo wanaelewana haraka, basi msichana wa mapokezi akaninyang'anya kila kitu huku anatabasamu, akakifungia kabatini, akanipa joho jeupe la taulo, ndara laini na kadi ya kufungulia milango, akanipeleka chumba cha mvuke. Madam Apio alikuwa ameshaketi humo, na joho kama langu, anatoka jasho kwa raha zake.

"Karibu, Mama Nafula. Hapa tunaongea kama dada na dada."

Tukaongea kama dada na dada mpaka tulipofika kwenye bei. Nikataja yangu, akakata mia mbili. Nikashusha hamsini, yeye hakupanda hata kumi. Ninyi mnaojua soko la mpakani mnajua kinachofuata: unasimama, unaaga, unaondoka polepole umetega sikio, na kabla hujafika mbali unasikia, "Mama, rudi bwana, usikasirike!" Maisha yangu yote sijawahi kuondoka nikakosa kuitwa.

"Basi Madam, acha mimi niende."

"Sawa, mama," akasema, amefumba macho.

Nikatoka, mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikajiambia labda ni mzito, sauti haipiti, nikapunguza mwendo, nikasimama kidogo kusoma tangazo la ukutani la kuwafundisha watu kupumua (nalo nililisoma mara mbili), kimya. Na shida ya mchezo huu ni kwamba ukirudi kabla ya kuitwa umejishushia bei mwenyewe, kwa hiyo nikaendelea, nikapita mapokezi, yule msichana akaniambia "pumzika vizuri," nikapita maua, nikafika getini, na askari, kwa adabu ambayo sitamsamehe, akanifungulia.

Nikajikuta barabarani na joho langu, trela zinaelekea Malaba, wanaume wa bodaboda wananikodolea macho.

"Mama, umetoroka wodi gani?" akauliza mmoja.

"Huyo si Mama Nafula wa wimbi?" akadakia mwenzake. "Kumbe biashara imemvua mpaka nguo!"

Nikamgeukia askari. "Nifungulie, nimesahau kitu."

"Kadi iko wapi?"

Nikakumbuka kadi iko kwenye benchi, kule kwenye mvuke. "Iko ndani."

"Bila kadi hakuna kuingia. Joho mtu yeyote anaweza kununua."

"Wapi? Wapi wanauza majoho hapa Tororo?"

"Mimi sijui, mama. Mimi nalinda geti tu."

Trela ikapita, upepo wake ukaliinua joho, nikalishika kwa mikono miwili, na wale wa bodaboda wakashangilia kama goli limeingia. Ndipo Madam Apio akatokea, ameshaoga, ameshavaa, nywele zimechanwa, kadi yangu kaishika kwa vidole viwili.

"Madam, nilidhani utaniita," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mama Nafula, mimi nimezaliwa Busia, mama yangu aliuza samaki pale pale mpakani. Mtu akiondoka bila nguo zake, namwita wa nini?" Akachungulia barabara. "Bei yangu ni ile ile."

"Mama, kubali!" wakapiga kelele wale wa bodaboda. "Trela ingine inakuja!"

Nikatazama. Kweli ilikuwa inakuja. Nikakubali.

Wimbi lilitoka stoo kabla ya mvua, hilo namshukuru Mungu. Lakini juzi Madam ameniandikia kwamba wageni wameupenda uji, anataka magunia mara mbili, tukutane tuzungumze bei, pale pale kwenye mvuke. Mimi bei nataka kuipandisha, na nimeapa sitapita tena mlango wowote bila sketi yangu. Sasa ninyi wenzangu wa sokoni, nishaurini: mtu anapandishaje bei mahali ambapo hawezi kujifanya anaondoka?