Siku Taratibu Alipoitwa Mwendakasi

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dereva wa gari la maiti la hospitali kuu, na katika muda wote huo hakuna abiria wake aliyelalamika. Ndugu wa abiria walilalamika mara mbili tatu, kwamba anakwenda polepole mno na wao nyuma wanaungua jua kwenye gari la wazi. Jibu lake lilikuwa moja: "Anayehusika hana haraka." Watu wakamwita Taratibu, na jina likamganda mpaka nyumbani.

Alipostaafu, jamaa walidhani atapumzika. Alipumzika siku tisa. Ya kumi akaenda kwa wakala wa magari, akatoa kiinua mgongo chake chote, akarudi na lori jipya jeupe la tani tano ili afanye kazi ya kuhamisha watu nyumba. Mkewe alipomuuliza kazi hiyo ameijulia wapi, alimwambia ni ileile aliyoizoea, ila safari hii mzigo una vioo.

Kazi ilimkubali. Makabati aliyavisha mablanketi, vioo akavilaza katikati ya magodoro, na hakuwasha injini mpaka kila kamba ameikagua mara mbili. Wenye haraka walitafuta mtu mwingine. Wenye vyombo vya udongo walimsubiri.

Lori lilikuwa na waranti ya miaka miwili. Mwezi wa saba tangu alinunue, Jumamosi asubuhi, alikuwa anamhamisha mwalimu mmoja wa hesabu, mama mjane, kumpeleka nyumba mpya upande wa pili wa mji. Katikati ya mlima giaboksi ikaanza kunung'unika, kama mtu anayetafuna mchanga. Akashusha gia ya pili, ikakataa. Akajaribu ya kwanza, kukasikika mlio mmoja wa chuma kugonga chuma, na kuanzia hapo mkono wa gia ukawa unakwenda popote anapoupeleka bila kumaanisha chochote.

Alivuta breki ya mkono, akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, kisha akamzungukia abiria wake mlangoni.

"Mwalimu, niwie radhi. Gari limegoma."

"Litagoma kwa muda gani?"

"Sijui. Ni mara yake ya kwanza."

Ikabidi vitu vishushwe vingoje lori jingine. Mwalimu alikaa kwenye sofa lake kando ya barabara, akatoa madaftari ya wanafunzi, akaanza kusahihisha. Magari yaliyopanda yalipunguza mwendo kumtazama. Watu wawili walisimama kuuliza bei ya sofa. Lori jingine lilipofika saa nane mchana, Taratibu aliomba radhi tena, na mwalimu akamwambia asijali, kwani darasa moja zima limekwisha.

Lori jeupe likavutwa hadi karakana ya wakala. Msimamizi wa huduma, mtu wa tai aliyezoea kuzungumza huku anatazama kompyuta, alilipokea vizuri.

"Tutalichunguza, mzee. Tutakupigia simu."

Hawakupiga. Taratibu alikwenda mwenyewe kila Jumanne, akakaa kwenye viti vya plastiki vya mapokezi, mbele ya picha kubwa ya lori kama lake likipanda mlima bila shida. Jumanne ya kwanza aliambiwa wanachunguza. Ya pili, kwamba anayechunguza yuko likizo. Ya tatu, kwamba amerudi lakini hajazoea. Ya nne walimpa barua.

Aliisomea nyumbani. Ilisema kwamba uchunguzi umebaini giaboksi iliharibika kutokana na matumizi mabaya, yaani mwendo kasi wa kupita kiasi na kubadilisha gia kwa nguvu, na kwa hiyo waranti haihusiki.

Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akampa mkewe. Mkewe akaomba miwani.

"Mwendo kasi," akasema. "Nani?"

"Mimi."

Mkewe aliirudisha barua mezani taratibu, akaenda jikoni, akafunga mlango. Kicheko kikasikika hivyo hivyo. Alitoka akijifuta macho.

"Samahani, baba watoto. Si jambo la kucheka."

Kisha akarudi tena jikoni.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza nyama alimsalimia "Mwendakasi", na fundi viatu akavuta miguu ndani alipomwona anapita kwa miguu, eti asije akagongwa. Taratibu aliitikia salamu zote kama kawaida. Lori lilimuuma, lakini neno lile lilimuuma zaidi.

"Wangesema sijui kuendesha ningenyamaza," alimwambia mkewe. "Kutojua hakuna aibu. Lakini kasi? Mimi nimebeba watu ambao jeneza likiteleza kidogo tu, ukoo mzima umeaibika. Leo nije nikimbize makabati?"

Mkewe hakucheka tena. Alimwita wifi yake.

Dada mkubwa wa Taratibu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, naye pia amestaafu, akiishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mtu asiyecheka chochote kilichoandikwa. Aliisoma barua mpaka chini, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaisoma upya.

"Uchunguzi umebaini," akasema. "Uchunguzi upi? Nani kachunguza? Siku gani?"

"Sijui, dada."

"Na wao hawajui. Mtu aliyeona kitu huandika alichokiona. Nipe kitabu cha gari."

Kitabu cha sevisi kilikuwa safi kama kilivyotoka dukani, ndani ya mfuko wa nailoni. Sevisi ya kwanza ilikuwa imefanywa kwa wakala huyohuyo, kama masharti ya waranti yalivyotaka. Ukurasa mzima ulikuwa na alama za vema, na mmoja wa mistari ulisema: Oili ya giaboksi, imebadilishwa. Chini yake palikuwa na sahihi na muhuri. Dada aliuwekea mstari huo kidole.

Kesho yake wakaenda wote wawili karakana. Giaboksi ilikuwa imeshushwa, imelazwa pembeni juu ya boksi lililokunjuliwa, imefunikwa gunia. Vumbi la juu ya gunia lilionyesha kwamba hakuna aliyelifunua wiki kadhaa. Fundi mkuu, mzee mwenzao mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe, aliwafunulia.

Taratibu akachuchumaa. Barua hakuzijua sana, ila chuma alikijua. Chini ya giaboksi, kwenye nati ya kutolea oili, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya njano uliopita juu ya nati na kuendelea kwenye mwili wa giaboksi.

"Fundi, hii rangi ni ya nini?"

"Ya kiwandani. Wanaipaka wakishakaza nati. Nati ikifunguliwa, mstari unakatika."

"Huu umekatika?"

Fundi aliitazama nati kwa muda mrefu kuliko nati inavyostahili kutazamwa.

"Haujakatika."

Dada akafungua kitabu. "Hapa mmeandika oili imebadilishwa. Oili inatokea wapi?"

"Hapohapo kwenye nati, mama."

"Hakuna pengine?"

"Hakuna."

"Na sahihi hii ni ya nani?"

Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, ingawa kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Yangu."

Halafu akaeleza, kwa sauti ya chini. Siku ile magari yalikuwa kumi na moja kwenye foleni, na oili ya aina ile ilikuwa imekwisha stoo. Msimamizi alimwambia aweke sahihi, oili itafika Jumatatu, wateja wataitwa warudi.

"Jumatatu ikafika," fundi akasema. "Oili haikufika."

"Utayasema haya mbele ya watu?" dada akauliza.

"Mama, nimebakiza miaka mitatu nistaafu."

"Sikukuuliza umri."

"Nitafikiri."

Dada alitaka kuendelea, lakini Taratibu akamgusa kiwiko. "Mwache, dada. Mtu akisukumwa huanguka upande usioutaka."

Walipiga picha nati kwa simu. Kisha dada akaandika kwa mkono karatasi ya kuzuia mtu yeyote asiiguse giaboksi bila mwenye mali kuwepo, na msimamizi akatia sahihi, kwa sababu aliwekewa karatasi mbele na kalamu mkononi na hakuona njia ya kukwepa.

Hawakuhangaika na wakala tena. Dada aliandika moja kwa moja kwa kampuni inayotengeneza lori, ukurasa mmoja, picha mbili, na swali moja: nati ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani imetoaje oili? Wiki tatu baadaye likaja jibu. Kampuni ingemleta mhandisi wake, giaboksi ifunguliwe mbele ya wote, ila kabla ya hapo mhandisi angependa kupanda gari na mteja aone uendeshaji wake.

Mhandisi alikuwa mwanamke wa umri wa kitinda mimba wa Taratibu, amevaa buti, mkononi ana kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari ili kirekodi mwendo na kila gia inayoingizwa. Wakala alitoa lori la aina ileile, limepakiwa saruji. Taratibu alilizunguka, akakagua matairi, akapanda, akarekebisha vioo, akamwomba mhandisi afunge mkanda, akaondoka.

Walipofika barabara kuu, mwendesha baiskeli aliyebeba trei za mayai aliwapita.

"Baba," mhandisi akasema, "huwa unaendesha hivi siku zote?"

"Leo nimeharakisha kidogo. Nimeona una kazi nyingi."

Mhandisi akaandika kitu. Walikwenda kilomita mbili kimya.

"Ukiendesha huongei?"

"Nimezoea abiria wasiojibu."

Akamweleza kazi yake ya zamani. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaukagua mkanda wake, ingawa ulikuwa umefungwa.

Kilomita kumi na mbili ziliwachukua karibu saa nzima. Waliporudi, msimamizi alikuwa amesimama getini na simu sikioni, anatafuta gari la kwenda kuwavuta.

"Kifaa kimesema nini?" dada akauliza.

"Gia zimeingia zote vizuri, hakuna hata moja iliyolazimishwa," mhandisi akajibu. "Mara mbili kimedhani tumeegesha."

Wakaingia karakana. Mhandisi aliupiga picha mstari wa njano, akaweka beseni chini, akamwambia fundi mkuu afungue. Rangi ikakatika mbele ya macho ya watu watano. Giaboksi ile ilipaswa kuwa na lita saba za oili. Kilichotoka hakikujaza kikombe cha chai. Kilikuwa cheusi kama lami, kimechanganyika na vumbi la chuma linalometa.

Mhandisi akachovya kidole, akakisugua. "Kiwandani walitia pungufu. Hilo ni letu. Lakini sevisi ya kwanza ingefanyika, upungufu ungeonekana." Akafungua kitabu. "Nani alitia sahihi hapa?"

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba..." msimamizi akaanza.

"Ni mimi," fundi mkuu akasema. Bado alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. "Oili sikubadilisha. Niliambiwa niweke sahihi, nikaweka. Mzee huyu hana kosa."

Mashine ya kujaza upepo kwenye kona iliendelea na kazi yake. Taratibu alimpa fundi mkono, akamsaidia kuinuka.

Giaboksi mpya ilifika baada ya siku kumi na tisa, ikafungwa bila malipo. Msimamizi akampigia Taratibu simu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, aje achukue lori lake. Taratibu akaja, akalizunguka, akalijaribu, akaingiza gia zote tano za mbele na ile ya nyuma. Kisha akarudisha ufunguo mezani.

"Silichukui."

"Mzee, limepona."

"Lori limepona. Barua bado."

Msimamizi alimwomba radhi kwa mdomo. Taratibu alishukuru, akamwambia kwamba neno lile liliandikwa, basi lifutwe kwa kuandikwa. Akaondoka na basi.

Barua ya kwanza ya kurekebisha ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mteja aliendesha kwa kasi. Dada aliirudisha siku hiyohiyo. "Maana yake bado mnautafuta," aliandika pembeni. Ya pili ilisema mteja huendesha kwa mwendo wa wastani. Dada hakuona ubaya, lakini Taratibu aliitafakari mpaka chai ikapoa.

"Si kweli," akasema. "Ni chini ya wastani."

Nayo ikarudi. Ya tatu aliiandika mhandisi mwenyewe. Ilikuwa na mistari miwili: kwamba mteja ni dereva mwangalifu kuliko wote aliopata kupanda nao, na kwamba kosa lilikuwa la kampuni na wakala wake. Taratibu akaisoma amekaa, akaisoma amesimama, akaenda kuchukua lori.

Jumapili iliyofuata fundi mkuu alibisha hodi, bahasha mkononi. Alikuwa amepewa onyo la maandishi kwa kutia sahihi kazi ambayo hakuifanya. Mke wa Taratibu akamkaribisha chai, na bila kuambiwa akatoka kwenda kumwita wifi yake. Dada alisoma ile barua kwa utulivu.

"Aliyekuamuru utie sahihi hajatajwa," akasema.

"Hajatajwa, mama."

"Tutawasaidia kumkumbuka."

Akavuta kiti, akavaa miwani. Majibu waliyoandika siku hiyo yalichukua kurasa mbili, na onyo likahamia kwa msimamizi. Fundi bado yuko pale karakana. Hasaini tena kitu ambacho hajakifanya kwa mkono wake, na foleni ya magari asubuhi imekuwa ndefu sana.