Adventina Anamwamkia Bibi

Darasa langu la mwaka wa kwanza chuoni pale Bukoba lilinichosha roho. Nimewafungulia tovuti ya mazoezi: andika programu, bonyeza, mashine ikuambie hapo hapo umekosea wapi. Wao wanaandika kwanza kwenye daftari kwa kalamu, wanapanga foleni nisahihishe. "Bonyezeni!" nafoka. Hawabonyezi. Shule walizotoka, kosa lilikuwa fimbo, na tovuti hii kosa inalionyesha kwa rangi nyekundu.

Mgumu kuliko wote alikuwa Adventina, binti wa wakulima wa kahawa wa Kamachumu. Alishafeli mtihani wa kwanza. Akifeli na wa marudio, masomo ya kompyuta basi, anarudi nyumbani.

Marudio yalifanyika humo humo kwenye tovuti. Swali nililitunga mwenyewe: mtu aandike umri, programu imwamkie inavyompasa, maana kwetu Wahaya mtoto na mzee hawaamkiwi sawa. Nikawaambia wajaribu wanavyotaka, makosa sihesabu. Adventina akaandika, akakunja mikono.

"Unangoja nini?"

"Waitu mwalimu," akasema, kwa neno letu la heshima, "nimeweka umri wa bibi yangu. Ikikosea je? Nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Bibi yuko Kamachumu, mama! Mashine haimjui!"

"Mimi namjua."

Muda unayoyoma. Mwishowe akafumba macho, akabonyeza.

Programu ikamwamkia bibi kama mtoto wa chekechea. Darasa zima likaguna. Nikajua huyu sasa analia. Wapi! Adventina alipiga goti kwenye saruji mbele ya kompyuta, akasema, "Nisamehe, bibi," akainuka, akageuza alama ya kulinganisha umri, "chini ya" ikawa "zaidi ya". Akabonyeza. Nyekundu. Goti tena, radhi tena, akarekebisha mstari mwingine. Mungu wangu! Miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona mtu anakosea kwa adabu namna ile. Na kila alipoinuka, hofu ilikuwa imepungua usoni.

Wenzake wakaacha kalamu, wakaanza kubonyeza nao. Chumba kizima kikawa chekundu, na hakuna aliyejificha.

Kisha kwa Adventina ikaja kijani. Bibi ameamkiwa kama bibi. Nikamwendea.

"Umefaulu, binti yangu. Unabaki. Nenda kapumzike."

"Bado, waitu mwalimu," akasema, macho kwenye kioo. "Sijamwamkia babu."

Akabonyeza.