Nyota Mbili za Kina Guleid

Kule Kiwanjani, kina Guleid wana mtihani wao wa udereva, na hautolewi na serikali. Babu yao mkubwa, askari wa enzi za wakoloni, alichagua walinzi wa zamu kwa nyota. Jioni ukitazama kaskazini utaona saba kubwa zilizojipanga kama sufuria lenye mpini, na ile ya katikati ya mpini ina nyingine ndogo ubavuni. Aliyeziona mbili alipewa bunduki, aliyeona moja alipelekwa jikoni. Wajukuu waliacha bunduki wakashika malori, lakini mpaka leo hakuna anayegusa ufunguo wa lori la ukoo kabla ya kuulizwa swali hilo uani. Wenye darubini wanasema ile kubwa yenyewe ni mbili zilizokaribiana mno. Hayo kina Guleid hawajaulizwa.

Mgongo wa Guleid ulipokataa safari za kubeba mifugo, watoto wake wawili walikitaka kiti chake. Hanad alikitaka kwa sababu ni mwanamume na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Hoda alikitaka kwa sababu alilipenda lile lori. Leseni alikuwa nayo, tairi alibadilisha mwenyewe, na tangu utotoni mngurumo wake ulimtoa nje mbio, chapati mkononi.

Jioni moja ya mwezi wa tano, mawingu ya mvua yakiwa yameondoka, Guleid aliwasimamisha uani mbele ya ndugu yake, Abdighani.

"Hanad, unaona ngapi?"

"Mbili," Hanad alijibu, macho kwenye simu.

"Hoda?"

Hoda alijua jibu. Mtoto wa nyumba ile hulijua kabla ya kuota meno. Alitazama, akakunja macho, akatazama tena. Angesema mbili tu, yakaisha. Lakini hakutaka kulipata lori kwa uongo, na pale juu aliona nyota moja, tena yenye ukungu.

"Moja, Aabo," alimwambia baba yake.

"Hata ile ndogo huioni?" Guleid alishtuka.

Abdighani alicheka mpaka akakohoa. Hanad akapewa ufunguo. Hoda aliingia ndani akalia. Miaka yote alidhani nyota ndogo ni hadithi tu ya wazee, kumbe wenzake huiona kweli.

Asubuhi alienda kwa daktari wa macho mjini. Miwani ilipokuwa tayari, alisubiri swala ya magharibi iishe, akatoka uani peke yake, akainua kichwa.

"Iko!" alipiga kelele. "Wallahi iko!"

Nyumba nzima ikatoka.

"Iko wapi?" Guleid akauliza.

"Hapo kulia kwa ile kubwa. Ni ndogo, lakini inawaka!"

Guleid akamgeukia mwanawe. "Na wewe, hebu tuonyeshe."

Hanad aliweka simu mfukoni, akatafuta angani, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Si ile pale?" akasema, akionyesha kusini, upande wa Mlima Kenya. Walicheka wote, na mwenyewe akashindwa kujizuia.

Abdighani peke yake alinuna. "Hiyo si macho. Hiyo ni miwani."

"Na lori yenu iko na vioo vya pembeni, Adeer," Hoda akamjibu amu yake. "Mbona hamjang'oa?"

Guleid alinyoosha mkono, Hanad akamrudishia ufunguo.

"Ile siku, jibu ulikuwa unajua?" Guleid akamuuliza Hoda.

"Nilikuwa najua."

"Na ukasema moja."

"Niliona moja, Aabo."

Akamwekea ufunguo kiganjani, akaukunja mkono wake kwa mikono yake miwili. Hoda alijisikia mrefu kuliko nyumba.

Kulipokucha aliliwasha lori kwenda Kipsing kuchukua mbuzi. Guleid alipanda upande wa abiria. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuendeshwa na yeyote bila kumfokea njia nzima. Kabla hawajafika Leparua, alikuwa amelala fofofo.