Kwanga Mbili Mpaka Bruseli

Baba yangu, Asani, alikuwa mbeba barua wa serikali kati ya Kabambare na Kasongo, na kilomita za Wabelgiji hakuzijali hata kidogo. Yeye alipima njia kwa kwanga, ule muhogo uliopondwa na kufungwa majani: kila siku ya mwendo, kwanga mbili. Kabambare hadi Kasongo, kwanga nane. Ukimbishia, alikuonyesha nyayo zake.

Siku moja mwaka wa 1957 alirudi kutoka Kasongo akiwa hajiwezi kwa mshangao. Hata begi hakulitua vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu Mama Léocadie, ambaye mwanawe Marcellin alipelekwa na mapadri kusoma Bruseli, huko Ulaya, mwaka wa tano sasa bila kuonekana.

"Mama Léocadie, Gaston wa posta ameniambia ajabu! Toka Léopoldville mpaka Bruseli iko kilometa elfu sita na mia mbili. Ndege inaondoka mangaribi, na mangaribi ya kesho haiyafika, mutu amekwisha kushuka. Kwanga mbili tu!"

Mwili ulinisisimka. Misitu, jangwa, bahari, vyote vinapita chini ya mtu aliyeketi kitako! Nilitazama juu nikaona mbingu imekuwa kubwa kuliko jana.

Mama Léocadie hakutazama juu. Miaka yote hiyo alikuwa akituambia mwanawe haji kwa sababu Ulaya ni mbali.

"Basi Bruseli iko karibu kupita Kasongo," alisema polepole. "Na mutoto yangu hakuji."

Baba akanywea. Nilimkasirikia kweli, mtu mzima, hajui kufunga mdomo.

Baba alipokuwa akiondoka tena, Mama Léocadie alimletea kwanga mbili zikiwa bado moto. "Umupelekee Marcellin kwa posta. Asiseme amekosa chakula ya njia."

Safari ile Baba alitembea siku tatu badala ya nne, kwanga zisiharibike. Gaston alicheka sana. Alipoelezwa, aliacha kucheka, akazipima na kuzibandika stempu.

Wiki saba baadaye Baba alikuja akihema na bahasha mkononi. Niliisoma mimi, kwa kuwa wao wawili hawakujua kusoma.

"Mama, kwanga zilifika na ukungu. Moja nimekula vilevile, nikilia. Ya pili nimekausha. Mwezi wa saba masomo inaisha. Ile kwanga kavu nitaikula ndani ya ndege, nikirudi."

Mama Léocadie aliketi chini. Nilidhani atalia, lakini alimgeukia Baba.

"Asani, toka Kasongo mpaka hapa ingali kwanga nane?"

"Ingali nane, Mama."

"Basi utakwenda kumupokea nazo," alisema, akainuka kwenda kuloweka muhogo, na mwezi wenyewe ulikuwa wa tano tu.