Jani la Isale na Mashine ya Brashi

Kaka yangu amefuta vumbi kwenye bodi za mabasi tangu mimi nikiwa chuo kikuu, nikijifunza maneno marefu. Karakana yao iko Moshi mjini. Huunda bodi juu ya chasisi mpya. Bodi ikishapigwa msasa, kabla ya rangi, yeye huipitia yote kwa kitambaa chenye unato, maana chembe ikibaki, rangi huota vipele.

Mwaka huu ikaletwa mashine. Brashi zake ndefu za manyoya ya mbuni huzunguka zenyewe, zikipita ubavuni na juu ya paa, huku vumbi likifyonzwa. Kaka akaambiwa apumzike.

Nikapanda Uru, kijijini kwetu, na hotuba kamili juu ya haki za mfanyakazi. Aliyeisikiliza hadi mwisho ni ng'ombe.

"Msomi, umemaliza?" kaka akauliza. "Basi Jumatatu twende hiyo ofisi ya kazi. Ila wewe usiongee."

Alitaka arudishwe, hata kama ni kufagia. Hakutaka kingine.

Jumapili, baada ya ibada, bosi wake akaja. Ni mdogo kwa kaka, mtu wa Uru huko huko. Akaamkia, "Shikamoo kaka," akatua dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha akatoa jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Wachagga, anayekuja na jani hilo amekuja kuomba msamaha, na halikataliwi. Ukilikataa, aibu inageuka yako na ya wanao.

"Kaka, nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Na kazi?" nikadakia.

"Kazi haipo, ndugu yangu. Nimekuja kwa msamaha tu."

Nikamkanyaga kaka mguu chini ya meza. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayechezea chakula mbele ya wageni, akalipokea jani kwa mikono miwili.

Tukanywa. Bosi akaisifia migomba, akacheka, akaaga. Mlio wa gari lake ulipopotea kwenye kona, nikasema Jumatatu bado ipo, na ofisi ya kazi haijui mambo ya isale.

"Niende kusema nini?" kaka akauliza. "Nimeshasamehe."

Mkewe akaokota kata ya mbege, akaingia nayo jikoni. Kaka akabaki na jani mkononi, akalia, mtu mzima, mchana kweupe.